Mgeni Siku Mbili, ya Tatu Mpe Jembe: Mungu Anavyotutunza kwa Njia ya Ushirika

(Hotuba ya mzee wa kanisa, iliyotolewa Kampala mbele ya wajumbe wa kamati za wakimbizi katika maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni.)



Naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze jinsi Mungu anavyowatunza waumini kwa njia ya ushirika wa Wakristo. Mimi si mwanatheolojia. Ni fundi cherehani, nimeishi Kampala miaka mingi kama mkimbizi, na nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda wa kutosha kuona mema na mabaya. Kwa hiyo nitasema yale ninayoyajua.

Swali la mama mmoja

Naanza na swali nililoulizwa. Mwezi wa Aprili 2020 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, kwa sababu fedha za wafadhili hazikutosha. Februari 2021 ukapunguzwa tena, ikabaki asilimia 60 ya kipimo cha kwanza. Mwaka 2023 watu wakapangwa kwa makundi: wengine wakapata zaidi kidogo, wengine nusu ya hao, na wengine wakaambiwa wajitegemee. Ninyi mliotoka kambini hamhitaji kuelezwa. (Serikali ya Uganda inayaita makazi, lakini ulimi wetu umezoea kambi.)

Siku hizo za kupunguziwa nilikwenda kuwatembelea ndugu huko. Baada ya ibada akanijia mama mmoja, mjane mwenye watoto watano. Katika mahubiri nilikuwa nimesema kwamba Mungu ndiye anayetulisha. Akaniuliza kwa heshima, lakini bila kucheka: "Mzee, mmetuambia Mungu ndiye anayetulisha. Sasa aliyepunguza ni nani?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Nilimwambia tuombe. Tuliomba, nikapanda gari nikarudi Kampala, lakini swali lile lilipanda pamoja nami. Nimekaa nalo miaka. Hotuba ya leo ni jibu nililochelewa kumpa yule mama.

Kanisa lililoanzishwa na wakimbizi

Mkifungua kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 11, mtaona jambo ambalo tunalipita haraka. Baada ya Stefano kuuawa, waumini walikimbia Yerusalemu. Walitawanyika, wengine wakafika Foinike, wengine Kipro, wengine Antiokia. Hao ni wakimbizi kama mimi na wewe. Na ni hao waliolianzisha kanisa la Antiokia, kwa kuzungumza na watu waliowakuta katika mji wa ugenini.

Sasa teremka katika sura hiyo hiyo mpaka mwisho. Njaa kubwa imetabiriwa, nayo ikaja wakati wa Kaisari Klaudio. Ndugu wa Uyahudi watataabika. Ni nani anayepeleka msaada? Ni Antiokia! Kanisa lililoanzishwa na watu waliokimbia ndilo linalochanga, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake, na kuutuma mchango huo kule kule walikokimbia, kwa mikono ya Barnaba na Sauli.

Mimi naona mambo matatu hapo. La kwanza, Mungu aliwalisha watu wa Yerusalemu, lakini safari hii hakushusha mana. Aliwalisha kwa mifuko ya watu wa Antiokia. La pili, mchango haukurushwa tu. Ulipelekwa na watu wawili wanaojulikana, walioaminiwa na pande zote mbili. La tatu, na hili ndilo kubwa, aliyekuwa mkimbizi jana ndiye mtoaji leo. Hakungoja kwanza arudi kwao wala apate utajiri.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi tunaitumia methali hii kumfukuza mgeni mvivu. Lakini jembe ni heshima pia. Anayekupa jembe amekubali kwamba una nguvu, na kwamba shamba hili nawe una sehemu yako ya kulima.

Jembe la Apolo

Ndugu wa Ituri na Kivu mtanisaidia kuieleza habari hii, kwa maana ni yenu. Mwaka 1896 mwalimu wa kanisa mmoja, Mganda aitwaye Apolo Kivebulaya, alivuka kutoka Toro akaenda Boga, katika nchi ambayo leo ni Kongo. Kabla yake walikuwako walimu wawili, lakini walirudi, kwa sababu chifu Tabaro alikataa wasipewe chakula. Kanisa lilitaka kumpeleka mtu mwingine, lakini ni nani atakayekubali kwenda mahali ambapo mwenyeji amefunga ghala?

Apolo akakubali. Husimuliwa kwamba alijinunulia jembe akalibeba, ili kama watamnyima chakula, alime mwenyewe. Tazameni, ndugu zangu, huyu ni mtu wa imani na ni mtu wa jembe, yote mawili pamoja. Hakusema, "Mungu atanilisha, kwa hiyo niende mikono mitupu." Wala hakusema, "Hakuna chakula, kwa hiyo Mungu hakuniita."

Mambo hayakuwa rahisi. Dada yake chifu alikufa kwa kuangukia mkuki, Apolo akasingiziwa, akapigwa, akafungwa. Alipofunguliwa akarudi Boga. Mwishowe Tabaro mwenyewe akabatizwa. Apolo alifariki mwaka 1933 akazikwa Boga, na Kanisa la Anglikana la Kongo linahesabu mwanzo wake hapo. Miaka mingi baadaye, vita vilipoichoma Ituri, watu wa pande hizo walivuka Semliki na Ziwa Albert kuja huku, nao wakakuta makanisa yaliyowaita ndugu. Mbegu iliyovuka kwenda magharibi ilikuwa imezaa njia ya kurudi.

Siku mbili za Namirembe

Sasa tuje hapa Kampala. Kila mtu mjini hapa anakijua kilima cha Namirembe na kanisa kuu lake. Mwaka 1928 na 1929 njaa kubwa iliipiga Rwanda, hasa upande wa mashariki. Wengi walikufa, wengine wakavuka kuja Uganda kutafuta chakula. Huko Gahini kulikuwa na hospitali ya misheni, na daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church. Alihangaika na wagonjwa na wenye njaa mpaka akaishiwa nguvu za mwili na za roho. Wafanyakazi wa mashirika mlioko hapa mnaijua hali hiyo: unatoa, unatoa, mpaka siku moja unajikuta huna kitu ndani.

Septemba 1929 alikuja Kampala kupumzika. Hapo Namirembe akakutana na Mganda, Simeoni Nsibambi. Nsibambi hakuwa kasisi wala askofu. Alikuwa muumini mwenye njaa ya Mungu. Wakakaa siku mbili, wakasoma Biblia pamoja na kuomba pamoja, mmoja mweupe na mmoja mweusi, wakati wa ukoloni, ambapo mambo ya namna hiyo hayakuwa ya kawaida.

Katika mkutano ule, ni nani mfadhili na ni nani mwenye kufadhiliwa? Mwenye hospitali, dawa na marafiki wa ng'ambo ndiye aliyefika akiwa mtupu. Asiye na cheo cha kanisa ndiye aliyekuwa na kitu cha kumgawia. Daktari akarudi Gahini akiwa mtu mwingine. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, akaenda Gahini kufundisha, na alifanya kazi huko mpaka karibu na kifo chake mwaka 1936. Kutokana na ushirika huo ulitoka uamsho wa waliookoka, Balokole, uliosambaa Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya, Tanganyika na mashariki ya Kongo. Na alama ya uamsho ule ilikuwa kutembea nuruni: mtu kuungama kosa lake mbele ya mwenzake, Mzungu kwa Mwafrika, mkubwa kwa mdogo.

Mmoja wa watoto wa uamsho huo alikuwa Festo Kivengere, mwalimu aliyefundisha miaka mingi Dodoma, kisha askofu wa Kigezi. Baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari 1977, Kivengere na mkewe Mera walitoroka usiku kwa miguu, wakapanda milima wakaingia Rwanda. Fikirini: moto uliobebwa kutoka Kampala kwenda Rwanda mwaka 1929, na askofu aliyelelewa katika moto huo anaikimbilia Rwanda hiyo hiyo mwaka 1977. Huko uhamishoni hakukaa kungoja. Alizunguka akiwatafutia msaada wakimbizi Waganda wenzake, na Amin alipoanguka mwaka 1979 akarudi. Kwa hiyo, ndugu zangu, wenyeji wetu wa Uganda wanajua kulala nje ya nchi yao. Wanapotupa shamba na ruhusa ya kufanya kazi, kama Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inavyosema, wengi wao hawatoi kwa kutoijua taabu.

Mabati yaliyotugawa

Hata hivyo, nisiwadanganye. Ushirika unaweza kuharibika, na mimi nimeuharibu kwa mikono yangu.

Kanisa letu dogo hapa mjini, ambalo sitalitaja, lilipata marafiki ng'ambo. Walitutembelea wakatukuta tunasali chini ya turubai linalovuja. Waliporudi kwao wakatutumia fedha za mabati. Tulifurahi, tukacheza, tukawaandikia barua ya shukrani. Mweka hazina nilikuwa mimi.

Tulinunua mabati, fedha zikabaki. Wengine walitaka cherehani za akina mama, wengine karo za watoto, wengine walisema mchungaji anapanga nyumba mbovu. Mimi nikaanza kutoa kidogo huku, kidogo kule, kwa nia njema, lakini bila stakabadhi na bila kuandika. Mzee mwenzangu akaniomba daftari. Nikachukia. Nikamjibu, "Mimi ni mtumishi wa Mungu, huniamini?" Kumbe hilo ndilo jibu la mtu asiye na daftari! Baada ya mwezi mmoja, nusu ya kanisa ilihamia chini ya mwembe wa jirani. Tulipokuwa na turubai tulikuwa kanisa moja. Tulipopata mabati tukawa mawili.

Tulikaa hivyo mwaka mzima. Kilichotuponya si fedha nyingine. Ni yule mama Mganda mwenye plot, mlokole mzee, aliyenikaribisha chai akaniambia, "Mwanangu, nenda kwenye mwembe." Nilikwenda. Nilisimama mbele yao nikasema nilichofanya, na kiasi nilichoshindwa kukieleza. Kisha tukawaandikia marafiki wa ng'ambo habari yote. Nilidhani ndio mwisho wa urafiki. Barua yao ilipokuja, walisema na wao wamekosa: walituma fedha bila kutuuliza tunahitaji nini, na picha zetu chini ya turubai walizionyesha kwao bila kutuomba ruhusa. Siku ile ndipo ushirika wetu ulipoanza. Ile ya kwanza ilikuwa zawadi tu.

Mashauri kwa makanisa na kamati zetu

Kutokana na hayo, naomba kutoa mashauri manne.

Kwanza, tuweke daftari wazi. Fedha za mfadhili na mchango wa mjane vyote viandikwe, na hesabu isomwe mbele ya watu, kwa lugha wanayoielewa. Mtume Paulo mwenyewe, alipopeleka mchango, hakukubali kuubeba peke yake. Soma 2 Wakorintho sura ya 8. Kama Paulo alihitaji mashahidi, mimi fundi cherehani ni nani?

Pili, tusifungue makanisa ili kutafuta wafadhili. Ninyi mnajua ninachosema. Mzungu mmoja akipita kambini, Jumapili inayofuata vibao vitatu vipya vimesimama. Na wako matapeli wanaokuja na jina la Yesu na fomu za kulipia, wakiahidi safari za Marekani na Kanada. Mshirika wa kweli huuliza jina lako kabla ya kuomba picha yako, wala hauzi nafasi ya kusafiri.

Tatu, msaada usiwe chambo. Kambini tunaishi na ndugu Waislamu, na wengine wasio na dini. Ushirika wetu wa imani ni wetu, lakini chakula ni cha mwenye njaa. Mwaka 1994 Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliandika kanuni za mwenendo, na moja yake inasema msaada usitumiwe kuendeleza msimamo wa siasa au wa dini. Msamaria wa kwenye Injili hakumuuliza yule majeruhi anasali wapi.

Nne, tutoe. Najua neno hili ni gumu kwa mtu aliyepunguziwa mgao. Lakini hapa Kampala wakimbizi hatupati mgao wa kila mwezi. Dada zetu wanatembea juani na vitenge mabegani, Owino mpaka Kabalagala, na bado Jumapili wanatoa. Makanisa ya Makedonia yalikuwa maskini sana, nayo yaliomba yaruhusiwe kuchangia. Waliona kunyimwa nafasi ya kutoa ni umaskini zaidi.

Kwa wafanyakazi wa mashirika

Neno moja kwenu, ndugu zetu. Tunajua hampendi kutusomea matangazo ya kupunguza. Mara nyingi mnasimama katikati, juu wanawabana na chini tunawapigia kelele. Tunawaombea. Lakini tunaomba jambo moja: mkija na mradi, njoeni kabla haujaandikwa. Waiteni wazee, akina mama wa likelemba, vijana, mtuulize tuna nini kabla ya kutuuliza tunakosa nini. Kwenye kila hema kuna fundi, mkunga, mwalimu, mkulima. Hatuwezi kuwa washirika kama tunaitwa siku ya kukata utepe tu.

Jibu kwa yule mama

Namalizia. Nilirudi kambini nikamtafuta yule mama. Nilimkuta nyumbani kwake anapima mahindi kwa kikombe. Yeye na majirani wanne walikuwa wameanza likelemba ya chakula: kila mgao unapotoka, kila mmoja anatoa vikombe vichache, na vinakwenda kwa yule ambaye zamu yake imefika au ambaye mtoto wake anaumwa. Wawili kati ya hao watano si wa kanisa lake, na mmoja ni Mwislamu. Siku hiyo vikombe vilikuwa vinakwenda kwa familia iliyofika wiki ile kutoka mpakani, isiyo na kadi bado.

Nikamwambia, "Mama, nimekuletea jibu la swali lako." Akacheka, akasema alikuwa amelisahau.

Nilimjibu hivi, nanyi nawaambia. Aliyepunguza mgao ni wanadamu: fedha zilizopungua kwenye nchi za mbali, vita vipya vilivyovuta macho ya dunia, na maamuzi yaliyofanywa na watu kama sisi. Tusimbebeshe Mungu mzigo huo. Tena tusinyamaze, kamati ziendelee kudai, kwa adabu na kwa takwimu, maana mtoto mwenye njaa hashibi mahubiri. Lakini Mungu anapotaka kulisha, hutafuta mikono. Hutumia mkono wa mfadhili, na mkono ule ukichoka au ukiondolewa, hajaishiwa. Hutazama mikono mingine iliyo karibu, naye huanza na ile iliyoshika kikombe.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipa kikombe, akasema, "Basi mzee, kaa hapo unisaidie kupima. Leo ni siku yako ya tatu."

Nikakaa, nikapima.

Mungu aibariki Uganda iliyotupokea, awabariki wote wanaotuhudumia, na azirudishie amani nchi zetu.